Taa za kwenye miamba ya baharini zilianza lini kujiwasha zenyewe?

Watu wengi wakisikia mnara wa taa unaojiendesha wenyewe wanawaza kompyuta na sola, kumbe hii kitu imeanza zamani sana, tena kwa gesi, bila waya hata mmoja.

Mwaka 1907 Gustaf Dalén wa Sweden alibuni valvu ya jua. Ndani kuna kifimbo cheusi kimezungukwa na vifimbo vitatu vinavyong'aa, sasa kukipambazuka kile cheusi kinanyonya mwanga na kupata joto kuliko wenzake, kinarefuka kidogo tu, kinabana njia ya gesi ya asetilini na taa inazimika, giza likiingia kinarudi urefu wake, gesi inapita, taa inawaka, na hakuna mtu aliyepanda ngazi. Mwaka 1912 Dalén alipofuka kwa mlipuko kwenye majaribio ya gesi, na mwaka huohuo akapewa Nobel ya fizikia, ikabidi ndugu yake ndo akaipokee.

Faida ya taa ya kujiwasha ilikuwa kubwa zaidi huko kwenye miamba, maana kule hata kushuka tu kwenye boti ni hatari. Mnara wa Smalls, magharibi mwa Wales, mwanzoni mwa miaka ya 1800 ulikuwa na walinzi wawili, mmoja akafariki, na bahari imechafuka hakuna boti inayofika, mwenzake akakaa na maiti wiki kadhaa akiogopa kuitupa asije kuambiwa kamuua. Baada ya hapo minara kama hiyo ikawekewa watu watatu.

Ila minara mikubwa ilichelewa, kwa sababu ilikuwa na jenereta na honi za kuonya meli wakati wa ukungu zinazotaka mtu wa kuziangalia. Kwenye miamba ya Florida, Sombrero Key walinzi waliondoka 1960, Alligator Reef 1963. Eddystone ya Uingereza ikafuata 1982, baada ya kujengewa uwanja wa helikopta juu kabisa ya taa, na Bell Rock ya Scotland 1988.

Siku hizi Eddystone inatumia sola na inafuatiliwa kutoka Harwich, ng'ambo ya pili ya nchi. Lakini mitambo haioni kila kitu jamani, kwa hiyo nahodha au mvuvi ukikuta taa imezimika au inamulika tofauti na ilivyoandikwa kwenye ramani ya bahari, itaarifu mamlaka ya bandari au walinzi wa pwani kwa redio hapohapo, usisubiri mpaka ufike nchi kavu.