Geini kubwa si sauti kubwa

Wapiga solo wengi wa gita wanaotumia vifaa vya kidijitali vya kuiga ampu (kikuza sauti cha gita) huamini kwamba gita likimezwa na bendi, dawa ni kuongeza geini, yaani kiasi cha kukuza mawimbi ya gita yanapoingia kwenye ampu. Imani hiyo ina chanzo chake: ukiwa peke yako chumbani, geini nyingi huinenepesha sauti na noti hudumu.

Lakini mkwaruzo ukishaanza, yaani ampu ikishazidiwa na sauti kuanza kukwaruza, kuzidisha geini hakuongezi sana ukubwa wa sauti. Huibana: noti uliyoigonga kwa nguvu na uliyoigusa taratibu hulingana, na ule mguso wa kidole unaoipa solo uhai hupotea. Kinachoipenyeza solo ni sauti za kati, takribani hezi 500 hadi 2,000, ambazo wengi wetu huzipunguza kwa sababu chumbani hazipendezi. Chini ya hezi 100 ni uwanja wa besi na dramu kubwa, waachie.

Ukitaka solo ipande, weka kiongeza sauti baada ya ampu ndani ya kifaa, desibeli 3 hivi. Kikikaa kabla ya ampu iliyokwisha kukwaruza, kitaongeza mkwaruzo tu.

Jaribu mwenyewe. Juu ya wimbo wenye besi na dramu, rekodi solo ileile mara mbili: kwanza kwa mipangilio yako, kisha geini nusu na sauti za kati juu. Sawazisha ukubwa wa sauti, maana sikio hupendelea chenye kelele zaidi (hata sikio la fundi). Mpe mwenzako asikilize bila kumwambia ipi ni ipi.