Sketi ya kiangazi: yanayosemwa na yalivyo

Agosti na Septemba, kabla mvua hazijarudi, jua la Kigoma hupiga ziwa na kurudi usoni. Ndio wakati sketi nyepesi inapotafutwa. Vitenge vimejaa soko la Mwanga, vingine vimevuka Tanganyika kutoka Kongo, lakini ukimuuliza mwenye kitenge kabatini kwa nini hajishonei, atakujibu kwamba hana cherehani, au cherehani inamshinda. Kwa maoni yangu woga huo umekosea anwani. Sketi ya lastiki, nguo rahisi kuliko zote kwa anayeanza, mara chache huharibikia kwenye cherehani. Huharibikia dukani, kwenye beseni na juu ya meza ya kukatia, na huko ndiko maneno yasiyo kweli yalikojazana.

“Kitenge ni kitenge, vyote pamba”

Havifanani. Vitenge vingi vya siku hizi ni polista, au pamba iliyochanganywa na polista, na vikikunjwa vizuri kwenye rundo macho hayavitofautishi. Moto unavitofautisha. Mwombe muuzaji nyuzi mbili tatu za ukingoni, kaziwashie kiberiti juu ya sahani ya bati. Pamba hushika moto upesi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Polista husinyaa, huyeyuka, na kubaki kidonge kigumu cheusi ambacho hutakiwi kukigusa kikiwa bado cha moto. Kikifanya yote mawili, kimechanganywa.

Tofauti hiyo utaisikia mwilini. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake. Polista haifikishi hata asilimia 1. Jasho likitoka, pamba hulinyonya na kuliachia hewani, polista hulibakiza kwenye ngozi. Polista ina sifa zake, haikunjamani na hukauka upesi, kwa hiyo msimu wa mvua siidharau. Kupanda nayo mwinuko wa kutoka Kibirizi saa saba mchana ni jambo jingine.

Na usiongozwe na maandishi ya ukingoni. Kampuni ya vitenge vya nta ya Vlisco, ya Helmond, Uholanzi, ipo tangu 1846, na maandishi yake yameigwa kwa miaka mingi. Geuza kitambaa uangalie nyuma: kitenge cha nta halisi kina rangi pande zote mbili karibu sawa, pamoja na vijistari vidogo vya nyufa vilivyokaa ovyo, visivyojirudia. Kama nyuma ni kweupe, rangi imepigwa upande mmoja tu. Sketi bado utapata, ila ujue unalipia nini.

“Kitenge kipya hakifuliwi kabla ya kushonwa, kinapoteza mng’ao”

Mng’ao huo ni wanga na dawa za kiwandani. Utaondoka tu, leo au baada ya ufuaji wa kwanza. Kinachoondoka pamoja nao ndicho cha kuogopa: kitambaa cha pamba kinaweza kurudi asilimia 3 hadi 5 kikipata maji mara ya kwanza. Kwa sketi ya sentimita 75, hapo umepoteza kama sentimita 2 hadi 4, na iliyokuwa inafunika goti sasa inalichungulia. Fua kitambaa kizima kama utakavyofua sketi yenyewe, anika, piga pasi, halafu ndipo uchukue mkasi.

Kuna na ile ya kuloweka kwenye chumvi ili rangi ishike. Chumvi ina kazi yake kweli, lakini kwenye sufuria ya mtia rangi: husaidia rangi za aina fulani kuhama kutoka majini kwenda kwenye uzi wakati wa kutia rangi. Kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani hakipati kitu. Rangi inayochuja ni ile iliyozidi, isiyoshika, na dawa yake ni kuifua peke yake mara kadhaa mpaka maji yatoke safi. Chumvi yako irudi jikoni.

“Jua kali linataka nguo nyeupe, tena fupi”

Hili lina nusu ya ukweli, ndiyo maana haliishi. Nguo nyeusi kweli hunyonya joto zaidi. Lakini mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa jangwani juu ya majoho ya Wabedui, meusi na meupe, na joto lililoufikia mwili lilikuwa sawasawa. Joto la ziada la joho jeusi lilichukuliwa na hewa inayopita kati ya nguo na ngozi. Siri ni upana. Sketi nyeusi pana yenye kupitisha upepo inashinda nyeupe iliyobana mapaja. Na ukiwa juani muda mrefu, kitambaa chepesi kinachofika chini ya goti ni kivuli unachotembea nacho. Mguu ulio wazi unapokea jua lote. Kwa hiyo chagua rangi unayoipenda, na ubishi wako upeleke kwenye upana.

“Pima kiuno, inatosha”

Haitoshi hata kidogo. Sketi ya lastiki haina zipu. Inavaliwa kwa kupita kwenye nyonga, kwa hiyo nyonga ndizo zinazotawala. Zipime pale palipo panene zaidi, mara nyingi sentimita 18 hadi 22 chini ya kiuno, tepu ikiwa imelala sawa nyuma na mbele. Kisha upana wa kitambaa uwe walau mara moja na nusu ya kipimo hicho, ili uweze kupiga hatua ndefu na kupanda boda kwa amani.

Hapa ndipo watu huambiwa wanahitaji kitenge kizima cha yadi 6. Tufanye hesabu. Yadi 2 ni sentimita 183, na upana wa kitenge ni karibu 115. Ukikizungusha kitambaa kiunoni kwa urefu wake, unapata mzunguko wa 183 kwa mshono mmoja tu wa nyuma, na ule upana wa 115 unakuwa urefu wa sketi. Toa kama 4.5 za njia ya lastiki na 4 za pindo, bado una sentimita 106, na kwa wengi wetu hiyo inafika kwenye kifundo cha mguu. Mwenye nyonga za 100 anabaki na marinda mazuri, mwenye 120 vilevile. Kitenge kizima kinatoa sketi tatu, yako na za wadogo zako.

Sharti moja: angalia michoro. Ukikilaza kitambaa hivyo, samaki wanasimama wima na ndege wanalala ubavu. Kama mchoro una kichwa na miguu, kata vipande viwili vya wima, mbele na nyuma, uviunge ubavuni. Kwa sketi ya sentimita 80, yadi 2 bado zinakutosha. Ikizidi hapo, nunua 2 na nusu.

Kupima kwa mkono nako kuna watetezi wake. Karne ya 19 pale Ujiji kitambaa kilikuwa fedha, merikani na kaniki zikipimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne shuka moja, minane doti moja. Nadhani wenye mikono mirefu walipenda zaidi kununua kuliko kuuza. Wewe tumia tepu, tena ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana tepu za plastiki za zamani huvutika.

“Lastiki iwe sawa na kiuno”

Ikiwa sawa, sketi itashuka. Ikate pungufu kwa sentimita 5 hadi 8. Mwenye kiuno cha 80 akate 74 hivi, kisha aizungushe kiunoni na kukaa kwenye kiti kabla ya kuiunga, kwa sababu tumbo la kusimama si tumbo la kukaa. Lastiki ya inchi moja inakaa vizuri kuliko ile nyembamba inayochora mstari mwilini. Kwa njia yake, kunja kitambaa sentimita 1, kisha 3.5, shona ukingo wa chini, acha mlango wa kama sentimita 5, ipitishe kwa pini. Ncha zake zipande kwa sentimita 2 na zishonwe mraba. Ukishafunga mlango, sambaza marinda, kisha piga mishono mifupi ya wima mbele, nyuma na ubavuni, kuizuia lastiki isijiviringe ndani. Mafundi wengi wenye haraka huiruka hatua hii.

“Bila cherehani na ovaloki, huna nguo”

Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, na watu walikuwa wamevaa nguo za kushonwa kwa mkono miaka mingi kabla ya hapo. Mshono wa mkono unaorudi nyuma, ambapo sindano inachomwa hatua moja nyuma na kutokea hatua moja mbele ya uzi, ni imara kabisa kwa sketi yenye mshono mmoja. Uzi usizidi urefu wa kiwiko mpaka ncha ya kidole. Ukizidi, unajifunga mafundo.

Ovaloki, mashine ya kufunga kingo zisichomoke, nayo ina mbadala. Weka pande za nje zielekee nje, shona nusu sentimita kutoka ukingoni, punguza nyuzi, geuza ili pande za nje zikutane ndani, kisha shona tena sentimita 1. Kingo zinafungiwa ndani ya mshono na hazichomoki. Na kama umekilaza kitambaa kama nilivyosema, sehemu ya chini ya sketi ni ukingo wa kiwandani, wala haichanuki.

Kwa wenye cherehani, mambo mawili ya haraka. Vitanzi vikionekana chini ya kitambaa, watu hulaumu bobini, kumbe mara nyingi ni uzi wa juu haujakaa kwenye visahani vya kuubana: inua mguu unaokandamiza kitambaa, utunge upya. Na mafuta ya kupikia hayaingii kwenye cherehani, yanaganda na kuwa gundi. Sindano namba 14 inafaa kitenge, na ikipinda kidogo tu itupe.

“Anayeanza aanze na solo, ina mishono michache”

Solo ni sketi ya duara zima: mishono ni michache, kitambaa ni kingi. Kwa nyonga za 100 na urefu wa 70, duara zima haliingii kwenye upana wa 115, inabidi ukate nusu duara mbili, na hizo zinakula karibu yadi 4. Isitoshe, pindo la solo linapita katikati ya nyuzi kwa mshazari, kwa hiyo sehemu nyingine hunyooka zaidi ya nyingine. Ukitaka solo, itundike usiku kucha kabla ya kukunja pindo, ivae, kisha mtu mwingine apime kutoka sakafuni kwenda juu na kuweka alama za chaki pande zote, wewe ukiwa umesimama bila kuinama kuchungulia.