Helmeti ya mtoto haibonyezi kichwa, inasubiri kikue

Helmeti anayotengenezewa mtoto mchanga mwenye kisogo bapa haikikazi kichwa wala haikibonyezi. Ninaanza na hili kwa sababu karibu kila mzazi anayeingia katika kliniki ninayofanyia kazi hapa Marekani huja akiamini kwamba tutalibana fuvu la mwanawe mpaka linyooke, na hofu zake nyingi zinatokana na imani hiyo. Mimi ni fundi wa vifaa saidizi vya viungo. Kazi hii niliisomea Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichopo penye Hospitali ya KCMC, ambako tulishughulika zaidi na miguu bandia na vifaa vya kunyoosha miguu na uti wa mgongo. Helmeti za watoto nimekuja kuzizoea huku ughaibuni.

Kinachorekebisha umbo la kichwa ni ukuaji wenyewe. Ubongo unapokua hulisukuma fuvu kutoka ndani kuelekea nje, nalo fuvu hufuata pale penye nafasi. Ganda la nje la helmeti ni plastiki ngumu na bitana yake ni sponji nzito. Tunapoitengeneza, tunaigusisha sponji mahali palipotokeza na kuacha uwazi mahali palipobonyea, ili kichwa kikikosa pa kwenda upande huu kijaze nafasi iliyo upande wa pili. Wamangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo, ambao hadi katikati ya karne iliyopita waliwafunga watoto wao vichwa ili virefuke kuelekea nyuma, walilitumia fuvu lile lile changa, ila wao kwa kubana. Helmeti haina nguvu ya namna hiyo, na pasipo ukuaji haifanyi lolote.

Kutokana na hilo, umri hutangulia mambo mengine yote. Mzunguko wa kichwa cha mtoto huongezeka kwa takriban sentimita 2 kila mwezi katika miezi 3 ya mwanzo, kwa takriban sentimita 1 kila mwezi kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na kwa nusu sentimita hivi kuanzia hapo mpaka atimize mwaka. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliyoanza kuidhinisha helmeti hizi mwaka 1998, inaruhusu zitumike kwa watoto wa miezi 3 hadi 18, lakini ruhusa ya kisheria na wakati unaofaa ni mambo mawili tofauti. Mtoto anayeanza akiwa na miezi 4 hadi 6 bado ana ukuaji wa kutosha kuijaza nafasi tuliyomwachia, ilhali anayeletwa akiwa na miezi 14 huvaa kwa muda mrefu na kuambulia kidogo, tena kwa wakati huo ameshapata nguvu na akili ya kuivua mwenyewe.

Visogo bapa vimeongezeka kwa sababu ambayo siioni kuwa mbaya. Mwaka 1992 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilianza kushauri kwamba watoto wachanga wasilazwe kifudifudi, na mwaka 1994 ikaanzishwa kampeni ya taifa ya kuwalaza chali. Katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa karibu nusu. Mtoto anayelala chali usiku, kisha mchana akashinda katika kiti cha gari na kiti cha kubembea, hukiegemea kisogo chake muda mwingi mno, naye akiwa na upande anaoupenda, sehemu hiyo ya fuvu huwa bapa, sikio la upande huo husogea mbele, na paji la uso la upande huo huo hutokeza. Ukimtazama kutoka juu, kichwa kina umbo la msambamba. Kitaalamu hali hii huitwa plajiosefali. Kisogo chote kikiwa bapa na kichwa kikapanuka, huitwa brakisefali. Pamoja na hayo, simshauri mzazi yeyote amlaze mtoto kifudifudi usiku kwa ajili ya umbo la kichwa. Kifudifudi ni cha mchana, mtoto akiwa macho na mtu mzima akiwa karibu naye. Mbeleko nayo ni msaada mkubwa ambao familia zetu huuacha wakishafika huku, maana mtoto aliye mgongoni kisogo chake hakiegemei kitu.

Kabla sijapima chochote, kuna mambo mawili ambayo lazima daktari ayatazame. La kwanza ni kwamba maungio ya mifupa ya fuvu hayajafunga kabla ya wakati wake. Maungio ya nyuma yakifunga mapema upande mmoja, kisogo huonekana bapa vilevile, lakini kwa kawaida sikio halisogei mbele, na kichwa kikitazamwa kutoka juu hufanana zaidi na trapeza kuliko msambamba. Hali hiyo ni nadra na huhitaji upasuaji. Kumvika mtoto huyo helmeti bila kumpasua ni kumpotezea wakati ambao hautarudi. La pili ni shingo. Watoto wengi ninaowapokea wana msuli wa shingo uliokaza upande mmoja, na hiyo ndiyo sababu wanageukia upande ule ule kila wanapolala, kwa hiyo pasipo mazoezi ya fiziotherapia helmeti itakuwa inapambana na matokeo huku chanzo kikiachwa. Wapo watoto ambao shingo ikilegea na wazazi wakawa waangalifu katika kuwalaza, kichwa hurudi chenyewe nami sina kazi ya kufanya.

Hapo ndipo penye ubishi wa kweli, na mzazi ana haki ya kuujua. Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Uholanzi uliowagawa kwa bahati nasibu watoto 84 wa miezi 5 hadi 6 wenye vichwa vilivyobonyea kwa kiwango cha wastani hadi kikubwa, nusu wakavalishwa helmeti na nusu wakaachwa wakue. Walipofika miaka 2, waliopona kabisa walikuwa asilimia 26 kwa waliovaa na asilimia 23 kwa wasiovaa, tofauti ambayo haina uzito wowote. Wenzangu wengi huukataa utafiti huo kwa kuwa haukuwahusisha watoto wenye hali mbaya sana wala wenye shingo iliyokaza, na kwa kuwa sehemu kubwa ya wazazi walieleza kwamba helmeti zilikuwa zikizunguka au kusogea kichwani, jambo linaloonyesha kwamba hazikukaa vizuri. Hoja hizo ni za haki, lakini hazifuti ukweli kwamba kichwa kilichobonyea kidogo au kwa wastani hujirekebisha kwa kiasi kinapokua. Mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani wa mwaka 2016 unaitaja helmeti kwa watoto ambao hali yao ni ya wastani hadi kubwa na haikupungua baada ya kubadilishiwa ulalaji na kufanyiwa mazoezi, au waliochelewa kuletwa. Mimi nafuata njia hiyo, na nimewarudisha nyumbani wazazi waliokuja na fedha mkononi.

Vipimo vyenyewe ni vyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mtoto huvalishwa soksi laini kichwani, kamera za skana hukipiga picha kichwa kizima kwa sekunde chache, na kompyuta huonyesha tofauti kati ya urefu wa mshazari mmoja na wa pili. Zamani ilitubidi tukizungushie kichwa bandeji za plasta, na vilio vya siku zile sivitamani.

Kazi ngumu humwangukia mzazi. Helmeti huvaliwa saa 23 kwa siku, nayo saa moja inayobaki ni ya kuoga, kusafisha helmeti na kukagua ngozi. Siku za mwanzo mtoto huvaa kwa saa chache zinazoongezwa hatua kwa hatua, hutoka jasho jingi kisha mwili ukazoea, na helmeti hunuka, jambo ambalo hakuna anayewatahadharisha wazazi. Wekundu wa ngozi unaotoweka ndani ya saa moja baada ya kuivua si tatizo. Usiotoweka unahitaji niipunguze sponji mahali hapo. Kwa watoto wetu weusi wekundu huo hauonekani upesi, kwa hiyo ninawaelekeza wazazi wapapase kwa vidole kutafuta joto na uvimbe. Mafuta ya nazi na poda visitumike kichwani, kwa sababu huifanya helmeti iteleze na kuiharibu sponji, na nywele zisisukwe katika kipindi hicho, kwani hata mistari myembamba ya kusuka hubadilisha namna inavyokaa.

Mama mmoja mwenye asili ya Tanga aliniambia kwamba mtihani wake mkubwa haukuwa usiku bali simu ya video ya mama yake, aliyemwuliza, "Mwanangu, mbona mmemvika mjukuu wangu kofia ya bodaboda?" Bibi huyo alishauri mtoto akandwe kichwa kwa mikono yenye joto, na alipendelea mtoto avuliwe helmeti kila alipolia. Nilizungumza naye mwenyewe, nikamwamkia na kumweleza kwamba ule uwazi ulio ndani ndio dawa, na kwamba kila saa anayokaa bila helmeti kichwa huegemea palepale palipobonyea. Aliponielewa, yeye ndiye aliyekuwa akimkumbusha binti yake. Wageni wa madukani, kwa upande mwingine, huwa na swali moja tu, kama mtoto alianguka, na mama huyo alichoka kulijibu mpaka akabandika picha za vipepeo kwenye helmeti ili watu waulize habari nyingine.

Gharama hapa Marekani huwa kati ya dola 1,500 na 4,000 hivi, na kampuni nyingi za bima hudai kwanza ushahidi wa maandishi kwamba mazoezi na kubadilisha ulalaji vimejaribiwa kwa muda wa kama miezi 2. Ndiyo sababu ninawasihi wazazi walizungumze jambo hili na daktari mtoto akiwa na miezi 2 au 3 na wahakikishe limeandikwa katika faili, kwa maana anayelianza katika mwezi wa 6 huruhusiwa na bima katika mwezi wa 8, ukuaji wa haraka ukiwa umeshapita.

Wapo wanaoniandikia kutoka Dar es Salaam na Mombasa wakiomba niwatumie helmeti kwa ndege, nami hukataa, kwa sababu helmeti isiyokaguliwa na kuchongwa upya ndani kila baada ya wiki 2 au 3 itaanza kuzuia ukuaji mahali pasipostahili. Mtoto wa miezi 3 au 4 aliye huko anahitaji kwanza daktari wa watoto akague maungio ya fuvu, kisha mtaalamu wa fiziotherapia apime kama shingo inageuka sawasawa pande zote mbili.