Ukifunga Bacula, anza na katalogi

Anayetaka kufungiwa seva ya bakapu, swali lake la kwanza karibu kila mara ni diski: terabaiti ngapi, na je, tepu bado zinatumika? Mimi naanzia kwenye hifadhidata, yaani katalogi, inayoorodhesha faili lipi limo kwenye bakapu ipi. Diski ikijaa unaongeza nyingine. Hifadhidata ikipotea unabaki na mafaili makubwa usiyojua ndani yake mna nini.

Kwa ofisi yenye mashine kadhaa za Unix napendelea Bacula, programu ya bakapu ambayo Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000, pamoja na PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayobeba katalogi. Kuna vipande vitatu. Director ndiye mnyapara: ana ratiba na anatoa amri, kwenye poti 9101. File Daemon hukaa kwenye kila mashine inayolindwa, poti 9102. Storage Daemon huandika kwenye diski au tepu, poti 9103. Data haipiti kwa Director hata kidogo. Hutoka kwa File Daemon moja kwa moja hadi Storage Daemon.

Wanaokwama hukwama hapo. Pakiti za Debian, aina ya Linux, huja zimewekwa 127.0.0.1, anwani ambayo kila mashine hujiita yenyewe, kwa hiyo seva inajifanyia bakapu yenyewe vizuri kabisa na unadhani kazi imekwisha. Ukiongeza mashine ya pili, Director anaipa anwani ya Storage kama ilivyoandikwa kwenye bacula-dir.conf, yaani 127.0.0.1, nayo inakwenda kubisha hodi kwake yenyewe. Andika jina au IP inayoonekana mtandao mzima, kisha rekebisha anwani ambazo Storage Daemon na File Daemon husikiliza: SDAddress kwenye bacula-sd.conf na FDAddress kwa kila mteja, yaani kila mashine inayolindwa. Manenosiri ya pande mbili yafanane herufi kwa herufi.

Sasa katalogi. Kwa Debian pakiti inakutengenezea. Kwingineko utaendesha skripti tatu kwa mpangilio huu:

create_bacula_database
make_bacula_tables
grant_bacula_privileges

Utaona hifadhidata imeundwa kwa SQL_ASCII, mpangilio wa herufi unaopokea baiti yoyote bila kuikagua. Usijitie ujuzi ukaibadilisha kuwa UTF-8. Kwa Unix jina la faili ni mfululizo wa baiti tu, na faili la zamani lililotoka kwenye Windows laweza kuwa na baiti ambazo UTF-8 haizitambui. PostgreSQL ingezikataa, na bakapu ingeharibika kwa sababu ya jina la faili moja.

Kila faili kwenye kila kazi ni mstari mmoja kwenye jedwali la File. Mashine yenye mafaili 300,000 inaongeza mistari 300,000 kwa kila bakapu kamili, ndiyo maana File Retention, muda wa kutunza majina ya mafaili kwenye katalogi, ina uzito. Ukiiacha ilivyo ni siku 60, huku Volume Retention, muda wa kutunza volyumu (faili au tepu inayobeba bakapu), ikiwa siku 365. Maana yake siku ya 90 data bado ipo kwenye diski, lakini majina yameshafutwa kwenye katalogi na huwezi tena kuchagua faili moja kwa urahisi. Mimi hulinganisha muda wa vyote viwili. Nafasi ya PostgreSQL ni rahisi kuliko usumbufu huo.

Katalogi yenyewe hubebwa na kazi ya BackupCatalog. Ipe Priority 11, ili isubiri kazi nyingine zenye 10 zimalizike, na faili lake la bootstrap, lenye kiambishi .bsr na linaloonyesha katalogi iko kwenye volyumu ipi, lipeleke nje ya seva, hata kwa barua pepe. Bila hilo utabaki na bscan, inayosoma volyumu moja baada ya nyingine ili kuunda katalogi upya. Kwenye tepu, andaa chai.

Kabla ya kumkabidhi mtu seva, ingia bconsole, programu ya kumpa Director amri, andika restore, chagua namba 5 (bakapu ya karibuni zaidi ya mteja), weka alama kwenye saraka moja yenye mafaili ya kweli, kisha done. Kwa usanidi wa kawaida yatatua kwenye saraka ya pembeni, mbali na ya asili. Yalinganishe kwa diff -r, na uangalie pia mwenye faili na ruhusa zake kwa ls -l, kwani diff haiyaoni hayo.