Kushika Aya Si Kuijua Biblia

Kwenye mabishano ya dini, Ujiji hadi Kigoma Mjini, wapo wanaoamini kwamba ukitaja sura na aya umeshashinda. Si kweli. Chukua Ayubu 4:7, panapoulizwa ni nani asiye na kosa aliyewahi kuangamia. Mtu huitoa hiyo kuthibitisha kwamba Mungu anafundisha mgonjwa kayataka mwenyewe, na maneno hayo huwaumiza wauguzaji bure kabisa. Anayesema pale ni Elifazi, rafiki wa Ayubu. Ukifika sura ya 42, Mungu mwenyewe anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili kwa kunena yasiyo sawa juu yake. Biblia ina vitabu 66, ya Wakatoliki 73. Hiki kimoja cha Ayubu kinasomeka chote kwa jioni chache kabla ya mjadala.