Kuzimu si jehanamu: mambo tunayoyasema msibani bila kuyapima

Katika msiba mmoja hapa kigangoni kwetu, mama mmoja alinivuta kando, nyuma ya turubai. Mtoto wake alifariki akiwa na siku tatu, hajabatizwa, na mtu wa ukoo alikuwa amemwambia kwamba kichanga kile kimeenda motoni. Mama hakulia. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga huku akinitazama, kwa kuwa mimi ndiye katekista.

Nitarudi kwake. Kwanza niseme juu ya haya yanayotangulia, kwa sababu sentensi kama ile huota mahali ambapo maneno mengi yameshachanganywa.

"Kuzimu na jehanamu ni kitu kimoja"

Kuzimu ni neno letu la Kibantu, ndugu yake ni mzimu. Ni huko waliko wafu, wema kwa wabaya. Watafsiri wa Biblia walilitumia kwa Sheoli ya Kiebrania na Hadesi ya Kigiriki. Yakobo alipoletewa kanzu ya Yusufu yenye damu, alisema atamshukia mwanawe kuzimu akisikitika (Mwanzo 37:35). Baba yule hakudhani mwanawe anaungua. Ayubu naye, maumivu yalipomzidi, alitamani Mungu amfiche huko huko.

Jehanamu limetufikia kupitia Kiarabu, lakini mzizi wake ni Kiebrania: Ge-Hinnom, yaani Bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu ya kale. Kwa Kigiriki cha Agano Jipya ni Gehena. Ukitaka kuona tofauti, fungua Ufunuo 20:14, pale Mauti na Kuzimu zinapotupwa katika ziwa la moto. Kuzimu ingekuwa ndiyo ziwa lenyewe, ingetupwaje humo?

Ni kweli tajiri wa Luka 16 yuko kuzimu na anateseka, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Lakini ndugu zake watano bado wako hai nyumbani. Hukumu ya mwisho haijafika. Vivyo hivyo tunaposali "akashukia kuzimu" katika Kanuni ya Imani, Kanisa linakiri kwamba Kristo alikufa kweli, akawafikia wafu na kuwafungulia wenye haki waliomtangulia. Hakwenda kuchomwa.

"Gehena lilikuwa jalala la Yerusalemu, likiwaka usiku na mchana"

Hili husemwa hata na wahubiri waliosoma, nami nimelifundisha miaka mingi kabla ya kulichunguza. Maelezo hayo yanajulikana kutoka kwa Rabi David Kimhi, aliyeandika zaidi ya miaka elfu moja baada ya Yesu, na wanaakiolojia hawajapata ushahidi wa jalala la namna hiyo. Sababu inayotolewa na Biblia inatisha zaidi: katika bonde lile, mahali paitwapo Tofethi, watoto walichomwa moto kuwa sadaka, mpaka mfalme Yosia alipopanajisi (2 Wafalme 23:10). Yeremia akasema pataitwa Bonde la Machinjo. Msikilizaji wa Yesu aliposikia Gehena, alisikia hayo.

Na juu ya bonde hilo hilo, mwaka 1979, timu ya mwanaakiolojia Gabriel Barkay ilikuta kaburini vikunjo viwili vidogo vya fedha. Vilipokunjuliwa, vilikuwa vimechorwa maneno ya baraka ya Hesabu 6: Bwana akubarikie, na kukulinda. Maandishi hayo yana zaidi ya miaka 2,000. Kila nikifundisha somo la jehanamu, huanzia na vikunjo hivyo.

"Shetani ndiye mtawala wa jehanamu"

Mathayo 25:41 inasema moto huo umewekwa tayari kwa ajili ya Ibilisi na malaika zake. Yeye ni mhukumiwa. Hana kiti huko.

"Wanasayansi walichimba shimo wakasikia vilio"

Sauti hiyo huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Shimo lipo kweli, Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi. Uchimbaji ulianza mwaka 1970, na mwaka 1989 ukafika mita 12,262, ambako joto lilikuwa nyuzi 180 hivi za Selsiasi. Joto hilo ndilo lililowashinda. Mdomo wa shimo una upana wa sentimita 23 tu, umefunikwa kwa kifuniko cha chuma kilichoshika kutu. Vilio ni vya kutengenezwa. Tafadhali usiwapelekee watoto wa komunyo ya kwanza.

"Wakristo wote wanaamini mateso yasiyo na mwisho"

Wengi, ndiyo. Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alishikilia Mathayo 25:46: adhabu ya milele na uzima wa milele vimetajwa kwa neno lile lile, basi ukifupisha kimoja umefupisha na kingine. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba jehanamu ipo na ni ya milele, na kwamba adhabu yake kuu ni kutengwa na Mungu. Papa Yohane Paulo II, tarehe 28 Julai 1999, alieleza kuwa jehanamu ni hali ya mtu aliyejitenga na Mungu kwa hiari yake zaidi kuliko kuwa mahali. Hata Calvin, kiongozi wa Matengenezo ya Kiprotestanti, aliuona moto wa Maandiko kuwa lugha ya picha.

Majirani zetu Wasabato wanaamini waovu wataangamizwa kabisa. Wanasoma Mathayo 10:28, panaposema "kuangamiza mwili na roho", kisha wanakuuliza kuhusu Yuda 7: Sodoma iliadhibiwa kwa moto wa milele, je, bado inawaka? Ni swali zito, na mwaka 1988 John Stott, Mwanglikana, alikiri kwamba linamvuta upande huo. Kule nyuma zaidi, Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, alitumaini kwamba mwishowe wote watarejeshwa kwa Mungu. Fundisho la namna hiyo la Origeni, mwanateolojia aliyemtangulia, lililaaniwa karne ya 6, lakini Gregori ni mtakatifu hadi leo.

Mimi nabaki na Kanisa langu. Ila sitamwita Msabato mpotoshaji kwa kusoma aya ambazo nami ninazo.

"Mtoto asiyebatizwa huenda motoni"

Augustino alidhani hivyo, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Wanateolojia wa baadaye wakaona haiwezekani, wakazungumzia limbo, yaani hali isiyo na mateso lakini isiyo mbinguni. Katekisimu ya leo, namba 1261, inawakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu, ikimkumbuka Yesu aliyesema waacheni watoto waje kwangu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ilitoa hati nzima juu ya matumaini ya wokovu wao.

Nilimweleza mama yule yote hayo, taratibu, tumesimama nyuma ya turubai. Akaniuliza swali moja tu: je, anaweza kumtaja mtoto kwa jina katika sala? Alikuwa amempa jina la bibi yake tangu siku ya kwanza. Jumuiya yetu iliposali Jumamosi ile, jina hilo lilitajwa la kwanza.