Leta shaba ikingali laini

Nimechoka kusikia ushauri huu: «Maliza kwanza, uisugue, ndipo uonyeshe watu, usije ukachekwa. Wakikusifu utapata ujasiri.» Wazazi wanausema, wajomba wanausema, na kijana anafika kwenye atelie yangu ya picha zinazofuliwa kwa nyundo kwenye bamba la shaba, hapa Lubumbashi, ameficha bamba chini ya shati.

Kila pigo la nyundo linaikaza shaba. Ikikazika, ukiendelea kupiga inapasuka. Sharti uichome mpaka iwe nyekundu kidogo, uitie majini, ilainike tena. (Waliotoka kwa wahunzi wa chuma hawaamini. Chuma cha tindo ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu.) Mkono wa mtu kwenye picha ukivimba vibaya, unarekebishwa hapo, bamba likingali laini na jeusi kwa moto. Wewe unaniletea limeshasuguliwa kwa ndimu na chumvi. Nifanye nini sasa? Niseme pole?

Tena mng'ao unadanganya. Mgeni akiingia, jua likipiga bamba, atasema «Ni nzuri sana!» hata kama yule mama uliyemchora ana vidole saba. Na wewe unajua vidole ni saba. Sifa hiyo haikujengi. Inakuongezea hofu ya yule mmoja atakayehesabu.

Ndiyo maana nakataza swali la «Ni nzuri?» Nani hapa kwetu atakujibu «mbaya» mbele ya mama yako? Uliza hivi: «Huyu mama amebeba nini kichwani?» Akijibu gunia, na wewe ulichora beseni la samaki, umeshajua pa kupiga nyundo. Hajakutukana, hajakusifu. Na ile «samahani Papa, najaribu tu» iache nyumbani.

Kuna wanaonitajia Hangar, atelie ya wachoraji iliyoanzishwa hapa mjini mwaka 1946, ati mwanzilishi wake Romain-Desfossés aliwaacha wasanii huru. Kweli, hakutaka wanakili picha za Ulaya. Mchoraji wake Bela akapaka rangi kwa vidole, mwenzake Mwenze Kibwanga kwa mistari mifupi mifupi. Lakini ilikuwa atelie ya watu wengi. Kazi ya mwenzako unaiona ikiwa mbichi.

Kinachonisumbua ni wale wachache ambao nikiwachungulia kazi ikiwa katikati, mkono unaganda. Baadhi yao nimewaacha wamalize peke yao wakanyooka, wengine hawakurudi. Mwanzoni wote wanafanana, kwa hiyo bado nabahatisha.